Bawa la kulia la ndege ya mfano limejipinda kabla ya kufunikwa: nilinyooshe vipi?

Mjenzi wa Umoja

Hamjambo ndugu zangu. Mimi na mpwa wangu wa miaka 14 tunaunda ndege ya mfano ya kuendeshwa kwa rimoti, iliyokuja kama seti ya vipande vya balsa (mbao nyepesi sana) vilivyokatwa tayari, na mabawa yake yana urefu wa mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha. Nusu ya kushoto ilitoka sawa. Nusu ya kulia imejipinda: mbavu zake ni bapa upande wa chini, lakini nikiilaza mezani na kuukandamiza mzizi wake, yaani upande unaoungana na mwili wa ndege, ukingo wa mbele kwenye ncha huinuka milimita 4 huku ukingo wa nyuma ukigusa meza.

Tumeshabandika mbavu, boriti ya juu na ya chini, kingo zote mbili, na bamba la juu la milimita 1.5 linalotoka ukingo wa mbele hadi kwenye boriti. Tulitumia gundi nyeupe ya mbao. Bado hatujaweka vibao vya wima vya kuunganisha boriti mbili, wala bamba la chini.

Kosa nalijua. Meza ya kujengea ndiyo meza ya chakula, na ilipofika saa mbili usiku nilizing'oa pini, ingawa gundi ilikuwa na saa moja tu na baridi hii ya Julai haikaushi kitu, nikaliegemeza bawa ukutani. Asubuhi tulilikuta hivyo. Je, nilivunje na kulijenga upya, au filamu ya plastiki ya kufunikia italinyoosha nitakapoivuta kwa pasi? Balsa ya kufidia sijaipata katika duka lolote nililouliza hapa Nairobi, na kijana amehuzunika kwa sababu mbavu zote alizipiga msasa yeye mwenyewe.

Rubani wa Jumamosi

Usivunje. Mimi huwa nasokota bawa kwa mkono kuelekea upande wa pili, rafiki yangu anapitisha pasi juu ya filamu, na likipoa linabaki palepale. Nimefanya hivyo kwa ndege mbili.

Mwalimu wa Fizikia

Naheshimu uzoefu wa ndugu aliyetangulia, na kwa bawa lililo wazi, lisilo na bamba, njia yake inafaa. Kwa bawa hili naipinga. Bamba la juu, bamba la chini na vibao vya wima vikishakutana hutengeneza sanduku refu lililofungwa pande zote, na sanduku la namna hiyo halikubali kusokotwa. Ukilifunga likiwa limepinda, umelifungia kosa ndani. Filamu itapambana nalo siku chache, kisha siku utakayoiacha ndege juani italegea na bawa litarudia umbo lake.

Milimita 4 si jambo dogo. Ikiwa upana wa bawa kwenye ncha ni kama milimita 180, hiyo ni zaidi kidogo ya digrii 1, na mbaya zaidi ni upande lilikopindia. Ncha iliyoinua ukingo wa mbele hukutana na hewa kwa pembe kubwa kuliko mzizi, kwa hiyo ndege inapopunguza mwendo ili itue, ncha hiyo ndiyo inayopoteza mnyanyuo kwanza. Bawa la kulia litaanguka ghafla, ndege itabiringika, na itakuwa karibu na ardhi mno kuokolewa. Hapa kwetu hali ni ngumu zaidi kuliko Mombasa, kwa kuwa tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na ndege ileile huhitaji mwendo wa asilimia 8 au 9 zaidi ili isianguke. Linyooshe sasa, kabla hujabandika bamba la chini.

Seremala wa Kariobangi

Pole kwa kazi, ndugu. Kwanza hakikisha kwamba meza yenyewe haina kosa, maana nimeona mtu akihangaika na mlango ulionyooka kwa sababu benchi lake ndilo lililokuwa bovu. Ligeuze bawa chini juu, ulaze kijiti kilichonyooka kwenye mzizi na kingine cha unene uleule kwenye ncha, kisha uiname ulenge kwa jicho moja ukipitisha macho juu ya cha kwanza hadi cha pili. Ndivyo tunavyopima mbao iliyojisokota, na jicho hukamata tofauti ambayo rula haioni.

Sababu ni maji. Gundi nyeupe ina maji. Bamba liliyafyonza likatanuka, na lilipokauka likanywea upande wa juu peke yake, huku chini hakuna bamba la kushindana nalo na hakuna pini ya kulizuia. Lakini gundi hiyohiyo ndiyo itakayokuokoa, kwa sababu ikipata moto hulegea na ikipoa hukaza tena. Ungetumia supaglu, ningekwambia ukate.

Kwa hiyo lilaze kwenye ubao ulionyooka, weka kijiti cha milimita 6 chini ya ukingo wa nyuma kwenye ncha, na ukandamize ukingo wa mbele kwa pini na uzito. Hiyo 6 ni ya makusudi, kwa sababu mbao hurudi nyuma kidogo. Pitisha pasi yenye moto wa wastani juu ya bamba, taratibu, ubavu kwa ubavu na kando ya boriti, kitambaa kikavu kikiwa katikati, kisha uliache lipoe kabisa kabla ya kupima.

Likishanyooka, toa kijiti cha 6 uweke cha milimita 3, na ufanye vivyo hivyo kwa nusu ya kushoto, ili ncha zote mbili ziinue ukingo wa nyuma kwa kiasi kilekile. Hilo litatibu hofu ya mwalimu, kwa kuwa ncha zitakutana na hewa kwa pembe ndogo kuliko mzizi. Laza bamba la chini ubaoni, paka mbavu gundi, libane bawa juu yake, ndipo ubandike vibao vya wima nyuma ya boriti, nyuzi za mbao zikisimama wima. Usiling'oe kabla ya saa 24.

Mjenzi wa Umoja

Ahsanteni sana. Vijiti vilionyesha kwamba meza yetu ina bonde la milimita 1, kwa hiyo kupinda kwenyewe kulikuwa milimita 3. Tulinunua kipande cha blokbodi, mpwa wangu akapitisha pasi mara mbili, na baada ya kupoa ilibaki nusu milimita. Kisha tulifunga sanduku la nusu zote mbili juu ya vijiti vya milimita 3 na kuupandisha ubao juu ya kabati, mbali na sahani za chakula, kwa siku mbili. Kijana amelenga mwenyewe leo asubuhi: ncha zote mbili zinasoma milimita 3. Jioni tunaanza kuziunganisha nusu hizo kwa epoksi.