Lubumbashi: watoto wenye usonji wanaandikwa kwenye safu isiyo yao, mpaka lini?

Wamama na wababa, uzi huu naufungua kwa hasira. Sheria namba 22/003 ya Kongo ya kulinda haki za watu wenye ulemavu ni ya tarehe 3 Mei 2022. Kabla yake, kifungu cha 49 cha Katiba kilikwisha kuwapa haki ya ulinzi maalumu. Lakini fika kwenye dirisha la kuandikisha watu wenye ulemavu na mtoto mwenye usonji, yaani otisme: daftari lina safu ya vipofu, ya viziwi, ya walemavu wa miguu, kisha "wagonjwa wa akili". Usonji haumo. Karani anamsukumia mtoto safu ya mwisho, na ubaya unaanzia hapo, maana mtoto wa kufundishwa kusema, kula na kuvaa anaelekezwa kwenye vidonge vya kumtuliza.

Msikubali. Daktari aandike otisme waziwazi pamoja na F84.0, namba yake katika orodha ya magonjwa ya kimataifa, ataje na yanayomshinda mtoto: haitikii jina lake, hasemi, hawezi choo peke yake. "Kuchelewa akili" tu haitoshi. Masikio yapimwe kwanza, kwa sababu asiyesikia naye haitikii jina. Yale maswali 20 ya M-CHAT, karatasi ya kuwauliza wazazi dalili za otisme, ya watoto wa miezi 16 hadi 30, yanaonyesha tu nani achunguzwe. Hata alama 8 na zaidi si cheti, na dosiye, yaani faili la maombi, yenye karatasi hiyo peke yake inarudishwa.

Akti, yaani cheti cha kuzaliwa, ndiyo inayokwamisha wengi. Komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, inaandika mtoto ndani ya siku 90. Zikipita, ni hukumu ya tribinali (mahakama) ya watoto kwanza, halafu mnairudisha komine itoe akti. Hukumu yenyewe si akti! Someni herufi moja moja: jina la kwenye ripoti likipishana na la akti, mnaanza upya.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni dosiye kupokelewa bila alama yoyote, baadaye mnaambiwa haionekani. Andikeni barua nakala mbili, yenu ipigwe muhuri wa accusé de réception, yaani wa kukiri kuipokea, iwe na tarehe, namba na sahihi. Asiyetaka kupiga muhuri msimwachie kitu. Orijino zibaki nyumbani.

Nanyi wakubwa wa Leta, yaani serikali, bandikeni mlangoni karatasi zinazotakiwa na bei ya kila moja kwa faranga, tena muongeze safu ya usonji kwenye daftari.