Monita ya inchi 24 au 27 kwa kompyuta ya nyumbani?

Kibwebwe: Wakuu, habari za jioni. Nina Sh 350,000, nataka kubadili monita ya kompyuta ya nyumbani. Iliyopo ni ndogo, herufi zinasomeka kwa shida. Nichukue inchi 24 au 27? Jumamosi nashuka Kariakoo.

Fundi Chogo: Mkuu, mbona taarifa nusunusu? Iliyopo ni inchi ngapi? Kompyuta gani, na nyuma ina matundu gani? Nani anaitumia, kwa kazi ipi?

Mla_Kachori: 27 bila kuuliza, tena yenye nukta 2560 kwa 1440. Ukishaizoea hutaki nyingine.

Fundi Chogo: @Mla_Kachori mtu analalamikia herufi ndogo, wewe unampa 1440? Piga hesabu. Inchi 24 ya 1920 kwa 1080 ina nukta kama 92 kwa kila inchi. Hiyo yako ina kama 109, nukta zinabanana, herufi zinazidi kusinyaa. 27 ya 1080 ndiyo inayoshuka hadi 82 hivi, herufi zinanenepa kidogo, ila ukikaa karibu unaanza kuziona nukta zenyewe.

Mla_Kachori: Si anapandisha skeli, yaani ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya skrini, hadi asilimia 125 au 150, basi?

Fundi Chogo: Kama ni skeli, hata hiyo ya zamani inayo. Ajaribu kwanza kabla hajapanda daladala.

Dada wa Risiti: Msikilizeni Fundi. Mimi nilitaka herufi kubwa, nikaingia kwenye mipangilio ya skrini nikashusha rezolusheni, yaani idadi ya nukta za picha, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kweli zikawa kubwa, lakini zina ukungu, kama maandishi ya karatasi iliyolowa. Nikavumilia miezi minne. Siku moja naandaa ankara ya mteja, 8 nimeiona 3. Ya 380,000 ikatoka 330,000, na mteja akaing'ang'ania ile ile, "si umeandika mwenyewe, dada?" 50,000 ikaenda. Nikaenda kupima macho, nikaambiwa mazima. Mdogo wangu alivyokuja likizo akacheka mpaka akakaa chini. Alirudisha 1080, akaweka skeli 125, akaniambia nitoke kwenye akaunti niingie tena ili programu za zamani zikae sawa. Dakika mbili. Rezolusheni iacheni ile ya kiwandani, herufi kuzeni kwa skeli.

Pweza Mkavu: Pole dada. Mimi mwanangu alibonyeza Ctrl, Alt na mshale wa chini, picha yote ikapinduka. Siku mbili tulitumia monita tukiwa tumeigeuza kichwa chini miguu juu, tumeiegemeza kwenye kopo la maziwa. Dawa ni Ctrl, Alt na mshale wa juu.

Mla_Kachori: 😂😂 Kopo la maziwa!

Kibwebwe: Samahani wakuu, nilikuwa kwenye foleni. Ni Dell OptiPlex 7010 ya mtumba. Monita ni inchi 19, 1440 kwa 900. Anayetumia ni mama, anaandika hesabu za kikoba kwenye Excel. Nyuma kuna tundu la bluu na mawili bapa, yamekatwa kona moja.

Fundi Chogo: Ungeanza na hayo! Hayo mawili ni DisplayPort, la bluu ni VGA, yote ya waya wa monita. HDMI huna, kwa hiyo tafuta monita yenye DisplayPort au ununue waya wa kubadilisha. VGA ikwepe, ni analogi, herufi huwa zinaota kivuli. Halafu angalia: hiyo 19 yako ina nukta kama 89 kwa inchi. Ukinunua 24 ya 1080 ukaiacha skeli 100, mama ataona herufi zimepungua kidogo. Atakuuliza hela umepeleka wapi.

Mwali wa Usiku: Mwekee mama mandhari meusi. Excel nyeupe usiku inachoma macho.

Pweza Mkavu: Mandhari meusi kwa mtu mzima? Mama yangu nilimwekea, akadhani kompyuta imeharibika. Punguza mwanga tu, na uwashe ile ya kuifanya skrini iwe ya manjano usiku.

Mwali wa Usiku: Manjano kwenye hesabu za watu? Na hizo seli zilizopakwa rangi atazitofautishaje?

Dada wa Risiti: Kibwebwe, umejaribu hiyo 125?

Kibwebwe: Nimejaribu sasa hivi. Mama anasema herufi nzuri, ila jedwali limekatika, safu ya faini haionekani mpaka asogeze.

Fundi Chogo: Hapo sasa ndipo ukubwa una maana. 24, skeli 125.

Mla_Kachori: 27.

Kibwebwe: Wakuu, kuna jipya. Mama anasema kama ni kununua, tununue TV ya inchi 32, aangalie na taarifa ya habari humo humo. Mnasemaje?

Fundi Chogo: TV gani mkuu? Nyingi za 32 ni 1366 kwa 768. Na ataiweka wapi, mezani au ukutani?