Ushauri: Taarifa ya wiki ya watumishi chuoni, nafasi zinawafikia watu dirisha likiwa limeshafungwa

karani_wa_habari (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Nimekabidhiwa taarifa ya wiki ya watumishi. Chuo kina watumishi 260 hivi kwenye kampasi mbili. Kama 90 kati yao hawana barua pepe ya kazi: walinzi, wapishi, madereva, wahudumu wa usafi, mafundi. Taarifa hutoka kila Jumanne, PDF ya kurasa 8, inatumwa kwa barua pepe kisha inarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwisho wa kupokea habari kutoka idarani ni Ijumaa saa 10 jioni. Nafasi za kazi za ndani hufunguliwa kwa siku 10.

Malalamiko ni matatu. Nafasi na semina zinaonekana zikiwa zimebakiza siku moja au zimeshapita. Walio zamu ya usiku wanasema hawaambiwi kitu. Na kila mkuu wa idara anataka habari yake iwe ukurasa wa kwanza. Nianzie wapi?

Mzee wa Masijala

Anzia kwenye kalenda, mkuu. Usiguse muundo wala rangi kwanza.

Chukua tangazo la nafasi lililosainiwa Ijumaa saa 11 jioni, yaani saa moja baada ya kufunga. Toleo la Jumanne inayofuata limeshalipita, kwa hiyo linasubiri Jumanne ya pili, siku 11 mbele. Dirisha lenyewe ni la siku 10, linafungwa Jumatatu. Tangazo linatoka kesho yake! Likisainiwa Jumatatu, litatoka baada ya siku 8 na mtu atabakiwa na siku 2 za kutafuta vyeti na saini ya mkuu wake. Hakuna aliyezembea hapo, hesabu yenyewe ndiyo mbovu.

Dawa ni mbili na zote ni za karatasi tu. Kwanza, sogeza mwisho wa kupokea habari uwe Jumatatu saa 6 mchana. Hapo tangazo lenye bahati mbaya kuliko yote linasubiri siku 8 badala ya 11. Pili, na hii ndiyo kubwa, ombeni utumishi wahesabu dirisha kuanzia siku ya kuchapishwa, wasihesabu kuanzia siku ya saini. Kwenye barua waandike "siku 15 tangu kutangazwa". Likitoka Jumanne, linafungwa Jumatano, siku 15 mbele, na nafasi hiyo inapata matoleo mawili kamili. Toleo la pili liandike "zimebaki siku 8" mwanzoni kabisa. Aliyekuwa zamu mbaya wiki ya kwanza anaikuta ya pili.

Fursa za nje, kama ufadhili wa masomo, makongamano na fedha za utafiti, zina tarehe ambayo hamuwezi kuisogeza. Hizo rudini nyuma. Kama maombi yanahitaji saini ya mkuu wa idara na barua ya chuo, toa siku 5 za kazi kutoka tarehe ya nje, na hiyo ndiyo iwe tarehe kubwa kwenye tangazo: "mwisho wa ndani". Tarehe ya nje iandikwe chini yake kwa herufi za kawaida. Ukiziweka zote mbili kwa uzito mmoja, watu watashika ya mbali.

fundi_mitandao

Naunga mkono Mzee, kisha naomba tuizike hiyo PDF ya kurasa 8. Kwenye simu ndogo mtu anakuza, anasogeza kushoto kulia, anachoka ukurasa wa pili. Andika habari ndani ya barua pepe yenyewe, maneno 60 hadi 80 kila moja, na kiungo kwa anayetaka undani. PDF ibaki ya kuchapa kwa ajili ya ubao.

Mambo yanayoharibika hapa:

Ukinakili kutoka Word moja kwa moja, unabeba msimbo mwingi usioonekana. Gmail hukata barua ikizidi KB 102, na kinachokatwa ni mwisho. Nafasi za kazi zikiwa mwisho, hazionekani. Bandika kama maandishi matupu, kisha weka vichwa upya.

Usitangaze kwa picha yenye maandishi. Mtu akitafuta neno "ufadhili" kwenye sanduku lake miezi miwili baadaye hatalipata, na mwenzetu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini anasikia "picha" tu, basi.

Kichwa cha barua kisiwe "TAARIFA YA WIKI NA. 14". Weka jambo: "Nafasi 2 za ndani, ratiba mpya ya usimamizi wa mitihani". Simu nyingi zinaonyesha herufi 40 hivi za mwanzo, kwa hiyo neno zito litangulie.

Orodha ya wapokeaji iwe anwani moja ya kundi ambayo wahariri peke yao wanaruhusiwa kuitumia. Vinginevyo mtu mmoja atajibu "Asante, nimepokea" na watu 170 wataipata.

Salama_W

Mbona mnazunguka? Kila mtu ana WhatsApp siku hizi. Fungueni kundi moja la wote, kazi imekwisha.

fundi_mitandao

Dada Salama, kundi la wote wakiruhusiwa kuandika litazika tangazo la nafasi chini ya salamu za asubuhi 60 kabla ya saa 4. Likitumika, lifungwe ili maadmini peke yao ndio watume. Ila jueni namba za simu za wote zinaonekana humo, na wapo wasiotaka. Kutuma kwa orodha ya matangazo kunaficha namba, lakini kuna mtego wake: anayepata ujumbe ni yule tu aliyehifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake, na orodha moja inaishia watu 256. Wewe unaona umetuma, nusu ya watu hawajapata, na hakuna anayekwambia.

Kipanga wa Zamu

Kwa hao 90, jibu ni ubao, msimamizi na SMS. Kwa mpangilio huo.

Ubao uwekwe pale wanapolazimika kusimama: penye daftari la mahudhurio, chumba cha kubadilishia nguo, mlango wa jikoni. Ubao wa jengo la utawala ni pambo kwao. Kila karatasi iwe na maneno "Ondoa tarehe ..." kona ya chini, na mtu mmoja kwa kila ubao awe na jukumu la kuondoa. Ubao wenye matangazo ya muhula uliopita haufundishi watu kitu zaidi ya kuupita. Jambo moja kwa karatasi ya A4, kichwa kisomeke ukiwa hatua tatu nyuma. Ukiweka msimbo wa QR, upana usipungue sentimita 3, na ujaribu kwa kamera ya simu kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, usijaribu kwenye skrini. Wino hafifu huua msimbo.

Msimamizi asome mambo mawili tu wakati wa kukabidhiana zamu. Mpe karatasi yenye sentensi mbili tayari. Ukimpa taarifa nzima "achague", atachagua kunyamaza.

SMS ni kwa nafasi na dharura. Mfano: "Nafasi ya Fundi Umeme, Kampasi B. Mwisho Jumatano tarehe 14, saa 10 jioni. Fomu ipo kwa msimamizi wako." Hizo ni herufi 103 pamoja na mianya, na ujumbe mmoja unabeba 160. Sasa angalieni kitu ambacho Kiswahili chetu kinatuponza. Ukiandika "zoezi la king'ora" kwenye Word, ile alama ya ng' inapindwa yenyewe kuwa mkia. Alama iliyopinda haimo kwenye seti ya kawaida ya SMS, basi ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine ambao kikomo chake ni herufi 70, na ukigawanyika kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unatozwa kama mitatu. Andika alama iliyonyooka, au andika SMS kwenye kihariri cha maandishi matupu.

BintiUtumishi

Naongezea upande wa fomu. Fomu ya mtandaoni iliyofungwa kwa wenye akaunti za chuo peke yao inawafungia nje hao 90 wote, hata kama tangazo limewafikia. Na kwenye Google Forms, swali la kupakia faili humlazimisha mwombaji kuingia kwa akaunti ya Google. Kwa nafasi za mafundi na wahudumu weka fomu ya karatasi pia, kwa msimamizi na kwa utumishi, na stakabadhi ya kupokelewa.

Halafu wapo wanaosahaulika wakiwa bado watumishi: walio likizo ya uzazi, ya masomo, ya ugonjwa, na wahadhiri wa muda. Cheo kikitangazwa na kujazwa mtu akiwa likizo bila kuambiwa, hiyo haitaisha kwa kunung'unika, itakuwa shauri rasmi. Kabla hajaondoka, mwulize anataka taarifa zimfikie kwa njia gani, ajaze na kusaini. Orodha yote ilinganishwe na ya utumishi mara moja kwa mwezi, na anayeacha kazi atolewe siku yake ya mwisho.

karani_wa_habari

Asanteni sana, nimeshaanza na kalenda. Hili ni tangazo la toleo lijalo, lisahihisheni bila huruma:

"TANGAZO! TANGAZO! Uongozi unapenda kuwatangazia watumishi wote kuwa imetokea nafasi ya Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo. Wenye sifa waombe kabla ya Ijumaa saa 6 usiku. Nyote mnakaribishwa."

BintiUtumishi

Bila huruma, sawa. "Wenye sifa": sifa zipi? Tenganisha za lazima na za nyongeza, la sivyo anayestahili anajitoa mwenyewe kwa kukosa moja ya nyongeza. Hakuna ngazi ya mshahara, hakuna kama ni cheo cha kudumu, kaimu au mkataba wa muda, wala kama anayepata anaacha vipindi vyake au anabaki navyo. Kwa mwalimu hilo la vipindi ndilo swali la kwanza.

Balaa kubwa liko kwenye saa. "Kabla ya Ijumaa" yupo atakayesoma kuwa mwisho ni Alhamisi. "Ijumaa saa 6 usiku" mwingine ataielewa kuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, mwingine usiku wa kuamkia Jumamosi. Na anayepanga mfumo ataweka Ijumaa 00:00, fomu ifunge Ijumaa inapoanza, siku nzima kabla ya ulivyokusudia. Muda wa mwisho uwe saa za kazi, ofisi ikiwa wazi, kwa saa zote mbili:

"Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo, nafasi 1, Kampasi A. Miaka 2, inaweza kuongezwa. Ngazi ya mshahara: ... Vipindi vinapungua kwa nusu. Lazima: shahada, na miaka 3 ya kufundisha. Nyongeza: uzoefu wa kusimamia wanafunzi viwandani. Fomu na barua ya mkuu wa idara zifike utumishi ifikapo Ijumaa tarehe 16, saa 10:00 jioni (16:00). Maswali: ofisi ya utumishi, chumba ..."

Jaza mapengo hayo mwenyewe. "Uongozi unapenda kuwatangazia" utupe kabisa.

Mzee wa Masijala

Kuhusu wakuu wa idara kugombea ukurasa wa kwanza: panga kwa kitendo, cheo kisihesabiwe. Juu kabisa yawekwe yanayomtaka mtumishi afanye kitu wiki hii, yakipangwa kwa tarehe ya mwisho iliyo karibu. Kisha nafasi na mafunzo, kisha mabadiliko ya kazi, mwisho habari za watu. Itangaze kanuni hiyo kwa waraka uliosainiwa na mkuu wa chuo. Mkuu wa idara akija na ziara ya wageni wake, unamwonyesha waraka, ugomvi unakuwa wake na waraka.

Habari za watu zina miiko. Kupandishwa cheo: subiri barua isainiwe na mhusika aipokee mkononi. Msiba: pata idhini ya familia kupitia mtu mmoja waliyemteua, na chanzo cha kifo usikiandike. Anayeondoka: jina, cheo, tarehe, na nani anashika majukumu yake, sababu haikuhusu. Mtumishi mgeni: jina, idara, ofisi, siku ya kuanza. Namba yake binafsi na tarehe ya kuzaliwa hapana, hata akiwa mcheshi kiasi gani.

karani_wa_habari

La mwisho wakuu. Nitajuaje inasomwa? Uongozi unataka asilimia ya waliofungua barua.

fundi_mitandao

Hiyo asilimia itakudanganya. Ufunguaji huhesabiwa pale picha iliyofichwa ndani ya barua inapopakuliwa, na tangu 2021 programu ya barua pepe ya Apple ina mpangilio wa faragha unaopakua picha hizo bila kumsubiri mtu, kwa hiyo barua inahesabika imefunguliwa hata isipofunguliwa. Na hao 90 hawamo kabisa kwenye hesabu. Pima vitu viwili: kila fomu ya maombi iwe na swali "Ulipata wapi tangazo hili?" lenye majibu manne (barua pepe, ubao, msimamizi, SMS), na mapokezi wapige alama kila mtu anapouliza jambo ambalo tayari lilishatangazwa. Swali moja likiulizwa mara tano wiki ile ile, habari hiyo iandikwe upya toleo linalofuata, ikianza na neno "MAREKEBISHO" kama kulikuwa na kosa, na taarifa sahihi itangulie ile ya zamani.