Mjadala: Picha za kale za Nome, nani mwenye kauli juu yake?

Mada ni hii: picha za Wainupiati, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Alaska, zilizopigwa Nome, Alaska, zaidi ya miaka 100 iliyopita, ziendelee kutumiwa na yeyote kwa lolote, au wazao wa waliopigwa wawe na kauli? Mimi nasema wawe na kauli, hasa picha inapouzwa.

Nome iko ufukweni mwa Bahari ya Bering. Dhahabu iligunduliwa kijito cha Anvil Septemba 1898, na mwaka uliofuata ikaonekana kwenye mchanga wa ufukweni kabisa. Kiangazi cha 1900 watu kama 20,000 wakamiminika. Bandari haikuwepo, meli zilitia nanga mbali, watu na mizigo wakashushwa kwa matishari. Wapiga picha nao wakaja: Eric Hegg, halafu Frank Nowell, baadaye ndugu wa familia ya Lomen. Kazi yao ni hazina. Safu za mahema zilizoufuata ufuko, leo tunaziona kwa sababu yao.

Lakini kiangazi hichohicho surua na mafua viliua Wainupiati wengi wa pwani ile. Walionusurika ndio tunaowakuta kwenye picha za studio za wapiga picha hao. Jina la mwenye kamera limeandikwa kwenye picha. Mama aliyebeba mtoto mara nyingi ameandikwa "Meskimo", jina la jumla walilopewa na wageni, basi. Nowell huyo alikuwa mpiga picha rasmi wa maonyesho ya Seattle ya 1909, ambako watu wa kaskazini waliwekwa katika "kijiji" ili watu walipe kuwatazama. Inaniuma mtu akiniambia hao waliridhia kwa hiari yao.

Wanaopinga wanasema hakimiliki imekwisha. Kisheria sibishi. Wengine wanasema ukizifungia picha utawanyima wajukuu nafasi ya kumtambua bibi yao. Hoja hii ni nzito, nami ndiyo inayonifanya nikatae kuzifungia. Zitazamwe na wote. Ila anayetaka kuiweka sura ya bibi huyo kwenye fulana au jalada la kitabu aombe ruhusa kwa jamii yake, na maktaba ziandike upya maelezo kwa majina wanayotaja wazee. Miongozo ya 2006 kuhusu nyaraka za wenyeji wa asili wa Marekani inaelekea huko, na chama cha watunza nyaraka cha Marekani kiliiunga mkono 2018. Tatizo ni kwamba hailazimishi mtu. Sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu makaburi ya wenyeji wa asili inahusu kurejesha mabaki ya marehemu na vitu vitakatifu. Picha za studio hazimo.

Mnaopinga, nijibuni: Nowell anatajwa hadi leo ingawa hakimiliki yake imekwisha. Kwa nini aliyekaa mbele ya kamera asipewe heshima hiyohiyo?

Na ndugu wa ukoo mmoja wakitofautiana, huyu anaruhusu na yule anakataa? Naona asikilizwe anayekataa, picha ibaki ya kutazamwa tu, isiuzwe.