Naombeni ushauri wakuu: wakazi wananiletea maombi ya kupaki na kufungua njia, niyashughulikieje bila kuonea mtu?

MjumbeMpya

Heshima kwenu wakuu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya serikali ya mtaa, niliingia kwenye ule uchaguzi wa Novemba 27, 2024, mtaa wetu uko huku Sinza, Dar es Salaam, jina nalihifadhi. Nilitegemea kesi za vibaka, taka na maji, kumbe zinazoongoza ni za magari, na mwenyekiti kanikabidhi mimi nizipokee nimpelekee mapendekezo kwenye kikao kijacho.

Maombi yenyewe ni haya. Kuna mama mume wake anaenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, wanatoka alfajiri, anaomba jirani wa ng'ambo asipaki mbele ya geti lake maana kila wakitaka kutoka lazima kwanza mtu akaamshwe kitandani aje asogeze gari. Vijana wa bajaji wanataka kijiwe chao cha kona kitambuliwe. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anataka Canter isimame asubuhi ishushe simenti na nondo. Kuna mzee kajaza zege kwenye matairi mawili, kachomeka bomba katikati, kayapanga mbele ya nyumba yake, anasema hapo ni pake kwa sababu kifusi cha hiyo barabara miaka ile alimwaga yeye kwa hela yake. Nyumba za mwisho wa mtaa wanataka geti la kufungwa saa nne usiku. Wazazi wa upande wa shule wanataka matuta maana boda zinapita kama zinafukuzwa. Na karibia kila geti limeandikwa USIPAKI HAPA kwa rangi nyekundu, mengine yameongezewa TUTATOA UPEPO, na kweli upepo unatolewa, juzi juzi watu walitaka kushikana mashati kwa ajili hiyo.

Mi sioni aliyeleta ombi la hovyo hapo, kila mmoja ukimsikiliza unaona ana hoja, shida ni kwamba wote wanaomba kipande kilekile cha barabara. Na sitaki ionekane mwenye nyumba anasikilizwa mpangaji anaachwa. Nianzie wapi na serikali ya mtaa ina meno kiasi gani kwenye haya mambo?

Mtendaji Mstaafu

Marahaba. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujaanza kutoa ahadi, wengi wanaahidi kwanza.

Jua mipaka yako kijana wangu. Mtaa hautungi sheria ndogo. Kijiji kinatunga, ila huku mjini sheria ndogo ni za halmashauri. Kwa hiyo huwezi kumpiga mtu faini ya kupaki, huwezi kufunga gari la mtu mnyororo, na huwezi kumpangishia mtu kipande cha barabara hata kama kamati nzima imesaini. Mkianza kupokea elfu kumi kumi bila stakabadhi ya serikali, hapo mnaitafuta TAKUKURU wenyewe.

Mnachoweza ni kusuluhisha, kuitisha mkutano wa wakazi wakakubaliana wakaandikiwa muhtasari, na kupeleka juu yale yasiyo ya kwenu. Matuta, alama na mitaro kwenye barabara za mitaani ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mtendaji wa mtaa anaandika barua inapitia kwa mtendaji wa kata inaenda kwa meneja wa TARURA wa wilaya, diwani mpe nakala alibebe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Msijenge matuta yenu ya kifusi, yakimwangusha mtu wa boda usiku mtajibu nyie. Gari lililoziba njia kabisa na mwenyewe hapatikani, hilo ni la trafiki.

Na fungua daftari. Tarehe, nani kaleta, anaomba nini, nyumba zipi zinaguswa, amejibiwa nini na lini. Anayekusimamisha kwenye msiba au harusi akakwambia shida yake mwambie aje ofisini aandikwe kama wengine. Mkazi akikataliwa huku ameona ombi lake limeandikwa na sababu imeandikwa anakasirika kidogo tu, akikataliwa kwa mdomo anaanza kuuliza jirani yake katoa shilingi ngapi.

mpima viwanja

Mkuu kabla hujagusa ombi hata moja chukua tepu ukapime barabara. Naongea kama mtu wa hiyo kazi.

Sinza ni viwanja vya ule mradi wa miaka ya 70 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, na ramani yake ilichorwa kipindi ambacho wenye magari mtaani walikuwa wa kuhesabu. Leo sehemu ambayo gari lingeingia ndani ya uzio imejengwa fremu au vyumba vya kupangisha, wapangaji nao wananunua IST, wote wanalaza gari nje. Hakuna aliyekosea ukimwangalia mmoja mmoja ila barabara haijaongezeka hata hatua moja.

Sasa hesabu. IST au Noah ina upana wa kama mita 1.7. Tuseme kati ya ukuta na ukuta kuna mita 6. Gari zikipaki pande zote mbili zimekula 3.4, hapo watu hawabani ukuta, weka sentimita 30 kila upande, unabaki na mita 2 tu za katikati. Gari la zimamoto linataka kama mita 2 na nusu. Yani usiku mtaa wenu ukiwa umepakiwa pande zote, nyumba ya katikati ikishika moto mtapiga 114 na gari litaishia kona. Ukipaki upande mmoja tu inabaki mita 4, inapita zimamoto, inapita ambulensi, linapita gari la taka na la majitaka.

Kwa hiyo swali la nani apewe nafasi linakuja la pili. La kwanza ni upande upi ubaki wazi, na hilo usilipime mchana magari yakiwa kazini, pima usiku. Pia kaombe ramani ya mipango miji kwa watu wa ardhi wa manispaa uone upana halali wa barabara, halafu tafuteni bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja. Utakuta kuna kuta zimetoka nje ya mstari.

SukaWaBajaji

Mi naomba mtusikilize na sisi, maana kila mkikaa vikao bajaji ndo ya kwanza kufukuzwa. Sisi tukiondolewa kona yule mama mwenye mgonjwa siku gari lao bovu atampeleka nani saa kumi na moja alfajiri? Tunaomba eneo la bajaji chache tu, zilizobaki zisubiri huko barabara kubwa ziitwe moja moja. Tuna kiongozi wetu wa kijiwe, mpeni yeye jukumu, dereva akiziba kona anasimamishwa na sisi wenyewe. Ila msitupange palepale kwenye pindo la kona, Canter ikikata inarudi nyuma inatugonga, tuwekeni mbele kidogo.

Wa Buruburu

Hamjambo ndugu zetu, nawasomea kutoka Nairobi. Hiyo ya geti nataka kuwaonya kidogo. Huku Buruburu nyumba ziko kwa court na karibu kila court imeweka geti na askari, usalama ulisaidika hilo sikatai. Lakini ukiweka geti hakikisha kuna mtu hapo usiku kucha, sio kufuli halafu funguo ziko kwa nyumba ya mtu amelala. Sisi jirani yetu alishikwa na pumu usiku, teksi ikasimama nje ya geti inapiga honi na mwenye funguo hashiki simu. Alipona, lakini siku iliyofuata tulikubaliana hakuna kufuli bila askari. Na barabara ya umma hamwezi kuifunga tu kwa sababu mmechanga pesa, lazima wenye barabara wakubali kwa maandishi.

Nesi wa Zamu

Ombi la huyo mama usiliweke foleni na maombi ya kupaki. Mtu wa kusafishwa damu ana saa yake ya kuunganishwa kwenye mashine, akichelewa anaweza kupunguziwa muda kwa sababu kuna mwingine anasubiri nyuma yake, na akikosa siku yake maji yanajaa mwilini. Kaongee na huyo jirani leo hii, wala haihitaji mkutano.

Kamanda Tabata

Mzee wa matairi mnambembeleza wa nini, itisheni vijana muyang'oe usiku asubuhi akute peupe.

Mtendaji Mstaafu

@Kamanda Tabata hapana. Ukiyang'oa usiku umeshakuwa sawa na anayetoa watu upepo. Nendeni kwake mchana, mwenyekiti na wazee wawili anaowaheshimu, mumshukuru kwa kile kifusi maana ni kweli alijitolea na watu wakasahau. Halafu mwambieni barabara ni ya umma hata kwa aliyeitengeneza. Wazee wengi wa namna hiyo wanachotaka ni kutambuliwa.

MjumbeMpya

Wakuu asanteni sana, narudi na mrejesho.

Kwa jirani wa yule mama nilienda jioni ileile. Kumbe hakuwahi kujua ni ugonjwa gani, alijua mama anapenda ugomvi tu. Kasema atapaki mbele kidogo kwenye ukuta wa nyumba yake na kampa yule mama namba yake ya simu, na mama kaahidi kufuta yale maneno ya upepo kwenye geti.

Kupima tumepima na mtendaji na mwenye nyumba mmoja saa nne usiku. @mpima viwanja ulichosema ndo kilekile ila kuna kitu kingine hatukukitegemea. Sehemu kubwa ni mita 6 na kidogo, ila katikati ya mtaa kuna fremu ina ngazi tatu za saruji zimetoka barabarani, na hapohapo ng'ambo kuna mfuniko wa karo la majitaka umenyanyuka juu ya ardhi umezungushiwa tofali ili magari yasiukanyage. Kati ya ngazi na zile tofali nimepata mita 4.1. Gari moja likipaki pale, hata kwa adabu zote, zimamoto haipiti. Miaka yote tunagombana kuhusu magari na hakuna aliyewahi kuangalia zile ngazi.

Mapendekezo nitakayopeleka: kupaki upande mmoja tu, upande wenye mageti machache, na pale kwenye ngazi na karo hakuna kupaki saa yoyote mpaka viondolewe. Canter kushusha mwisho saa mbili asubuhi na dereva asitoke kwenye gari. Bajaji mbele ya kona chini ya kiongozi wao. Matuta barua kwenda TARURA. Geti lisubiri majibu ya kata. Yote yapelekwe kwenye mkutano wa wakazi, na nitatembea mwenyewe kuwaita wapangaji kwa sababu tangazo huwa linaishia kwa wenye nyumba.

Kimebaki kimoja, maturubai ya misiba na harusi. Watu wanafunga njia yote hata siku tatu, na kwenye msiba nani anathubutu kusema?

mpima viwanja

Hilo liseme kwenye mkutano siku ambayo hakuna msiba wa mtu. Turubai lisimamishwe upande ule wa kupaki, gari za upande huo ndo zihame, njia ibaki. Wenye magari watakubali kuhama kwa ajili ya msiba kuliko kwa kitu kingine chochote.

Mama Wawili

Nakazia hapo. Na mjumbe wa zamu apewe kazi ya kufika na wale wa maturubai kabla hawajachimbia vyuma, wakishafunga kamba hawakusikilizi tena. Kwetu Mwananyamala tunafanya hivyo, mwenye msiba hata haguswi, tunaongea na vijana wa turubai moja kwa moja.