Kamati ya shehia na chama cha wafanyakazi, tuanzie wapi?

Mama Mwani, Paje
Assalaam aleikum. Mie ni mjumbe wa kamati ya shehia. Kila mwekezaji akija tunamuomba neno moja tu: vijana wetu wapate ajira. Na ajira anatoa. Lakini mwanangu huu mwaka wa nne anatandika vitanda hoteli moja hapa, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Masika yakiingia anaambiwa apumzike nyumbani, Juni anaanza upya kama mgeni. Tulipokwenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, kuangalia michango yake, miezi imeruka kama meno ya mzee.

Tumekuwa tukiomba idadi, kazi yenyewe ikoje hatuulizi. Inaniuma sana. Nataka tushirikiane na CHODAWU-Z, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, kabla hoteli mpya hapa jirani haijaajiri. Kuna shehia iliyojaribu? Vijana wanaogopa, wanasema ukijiunga na chama unaandikwa jina.

Mpishi wa Nungwi
Waaleikum salaam mama. Sie tulianza watu 6 wa jikoni, tukikutana nyumbani kwa mwenzetu baada ya Isha, si kazini. Afisa wa chama alikuja na Sheria ya Mahusiano Kazini ya 2005, akatusomea kuwa kujiunga ni haki yetu. Hofu ilipungua pale. Tukajaza fomu mpaka tukawa wengi, ndipo meneja akakubali kukaa nasi kujadiliana. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, ulichukua mwaka na nusu. Mshahara uliongezeka kidogo, lakini ninaloshukuru zaidi ni gari ya usiku. Wasichana wanaotoka zamu saa tano walikuwa wakirudi kwa miguu kizani.

Hamali, Wete
Bibi, kamati isijigeuze chama. Kujadili mshahara waachieni wafanyakazi na chama chao. Nyie mwekezaji akifika kwa sheha, hakikisheni chama kimo kikaoni. Babu yangu alikuwa bandarini Unguja mgomo wa 1948. Akitwambia ulianza kwa makuli, ukaenea mji mzima kwa vile watu wa majumbani walisimama nao.

Mama Mwani, Paje
Ahsanteni wanangu. Ukumbi wa skuli tunao, Ijumaa baada ya Alasiri. Mpishi, na hawa waliopumzishwa masika nao wajaze fomu?

Mpishi wa Nungwi
Sie tuliwajaza wakiwa kazini, mama. Wakirudi Juni msingoje Julai. Namba ya yule afisa nakutumia faraghani.