Je, inafaa kumpeleka mama Nairobi Gallery?

Kitindamimba wa Kayole:
Wapenzi wa historia, hamjambo. Mama atakuja kutoka Machakos mwishoni mwa mwezi, na ningependa kumpeleka Nairobi Gallery, jumba la makumbusho na sanaa, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, kwa kuwa yeye na marehemu baba waliandikishia ndoa yao humo jengo lilipokuwa bado afisi ya mkuu wa mkoa. Nitakuwa pia na mwanangu wa Gredi ya Sita, ambaye huchoshwa upesi na vitu vya kwenye kabati za vioo. Je, mna jambo la kuwavutia wote wawili, au nitawatembeza bure?

Mzee wa Jericho:
Mpeleke bila kusita. Jengo hilo ni la mwaka 1913, na humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilimokuwa vikiandikishwa, hata Waingereza wakalitungia jina la utani lenye vina kuhusu mambo hayo matatu. Ushauri wangu ni kwamba msianzie kwenye maonyesho. Mwache mama atangulie, awaonyeshe mwenyewe walikosubiri kuitwa, maana hakuna kibao cha ukutani kitakachomweleza kijana yale anayoyajua nyanyake. Kijana naye mtafutieni alama ya nukta sifuri, ambapo umbali wa kutoka Nairobi hadi miji mingine huanza kuhesabiwa, kisha mwulize ni kilomita ngapi hadi kwao Machakos.

Binti Buruburu:
Naomba kuongezea. Hazina kubwa iliyomo ni ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, na mkewe Sheila: stempu, vitambaa, vito na kazi za sanaa za Afrika. Murumbi alishika wadhifa huo kwa miezi michache tu mwaka 1966, na mwaka 1972 akaanzisha African Heritage, jumba la sanaa za Afrika hapa Nairobi, pamoja na Mmarekani Alan Donovan. Kwa maoni yangu, kazi hii ya pili ndiyo iliyotufaa zaidi. Hata hivyo, vitabu vyake, zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, haviko hapo bali katika Jumba la Nyaraka za Kitaifa, karibu na sanamu ya Tom Mboya, na jumba hilo nalo lilikuwa benki zamani. Miguu ya mama ikiruhusu, unganisheni yote mawili.

Msafiri wa Rongai:
Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma na malipo mtandaoni, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji. Yangu ilizimika mlangoni, nikabaki nikiwatazama wenzangu wakiingia.

Kitindamimba wa Kayole:
Asanteni sana. Nimempigia mama jioni hii kumweleza, naye akacheka, akasema kwamba siku hiyo shahidi wao alichelewa, wakamngoja nje juani hadi saa sita, baba akiwa ameshika koti mkononi ili lisilowe jasho. Miaka yote hii hakuwahi kunisimulia.